Kifua cha Pasikali

Pasikali Nduwayezu ni jirani yangu. Shamba lake la mihogo na langu yametenganishwa na mstari wa mkonge tu. Kazi yake hasa ni nyuki. Mizinga yake iko kwenye msitu wa miombo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijijini kwetu Nyarukomba, na sokoni Kibondo wanaomjua hawaonji asali yake kabla ya kununua. Nyumbani kwake ni mtu mkimya. Ukimpeleka kwenye mkutano wa kijiji, ukimya wote unamtoka, na kwa miaka mingi hakuna jambo alilolipinga kama bima ya afya.

Alikuwa na sababu. Wazazi wake walivuka mpaka pale Manyovu mwaka 1972, wakitoka Burundi na nguo walizovaa tu. Baba yake alikufa zamani, mama yake, bibi Esteri, yupo na ana presha. Mwaka mmoja Pasikali aliwasikiliza watu wa bima, akalipia kaya yake elfu thelathini, akapewa kadi. Akampeleka mama yake zahanati ya kijiji. Muuguzi alimpima vizuri na kumwandikia dawa, lakini kufika dirishani wakaambiwa dawa hiyo imekwisha, wakanunue dukani. Mwezi wa pili wakaambiwa hivyo hivyo. Mwezi wa tatu Pasikali hakwenda dukani, alikwenda ofisi ya kijiji, akaiweka kadi juu ya meza ya Ridhiwani, mtendaji wetu.

"Mtendaji," akamwambia, "mama yangu akiimeza hii, presha itashuka?"

Kadi ilipoisha muda, Pasikali hakulipia tena.

Februari ya mwaka juzi Ridhiwani aliitisha mkutano kuhusu bima hiyo hiyo. Alifuatana na Immakulata, muuguzi wa zahanati yetu, ambaye watu wengi wanampenda. Ridhiwani alieleza: kaya ya watu sita, elfu thelathini, mwaka mzima, kuanzia zahanati mpaka hospitali kubwa. Alipomaliza, Pasikali akasimama.

"Mimi nikinunua mzinga, nauona mzinga," alisema. "Hapa naambiwa ninunue ugonjwa ambao sijaugua. Nikilipa, mwaka ukaisha sijaumwa, nani ananirudishia hela yangu?"

Watu wakacheka na kupiga makofi.

"Baba Elie," Immakulata akamwambia kwa upole, "siku ya kuumwa haibishi hodi."

"Ikija nitauza mbuzi. Wazee wetu walifanya hivyo. Na tena niseme moja. Serikali ikitaka kututibu, itutibu kwa kodi tunazolipa kila siku. Ikitaka kutuuzia dawa, iuze kama dukani, tujue bei na mzigo uwepo. Hii ya nusu bure nusu kulipa mimi siielewi."

Mkutano uliishia hapo. Waliojiandikisha siku ile hawakufika kumi, na mimi sikuwa mmoja wao. Maneno ya Pasikali yalikuwa yameniingia.

Mwezi uliofuata mkewe, Prudence, alikwenda Kasulu kwenye harusi ya mdogo wake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Immakulata alishamwambia tumbo lake ni kubwa kuliko miezi yake, aende Kibondo akapigwe picha, naye akawa anasema ataenda maharage yakishaingia ndani. Asubuhi baada ya harusi, akiwa anasaidia kuosha masufuria kwa mama yake mdogo huko Murubona, chupa yake ya uzazi ikapasuka. Walimpakia kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali ya serikali. Saa sita mchana alikuwa amejifungua watoto wawili wa kiume.

Pasikali alikuwa msituni, simu haishiki. Mama mdogo wa Prudence akanipigia mimi. Nikafunga safari kwenda kumtafuta, nikamkuta juu ya mti, mwenge wa moshi mkononi, anakagua mzinga.

"Shuka," nikamwambia. "Mkeo amejifungua."

Alishuka taratibu. "Mbona mapema?"

"Ni mapacha. Ni wadogo sana. Wamewekwa kwenye chumba cha joto."

"Prudence je?"

"Prudence mzima."

Alikaa chini kwenye majani akauzima mwenge wake kwa udongo, akautazama mpaka moshi ukaisha. Kisha akaniambia, "Jirani, huko watanimaliza. Watoto wawili, mashine, siku zisizojulikana. Watanimaliza."

Jioni ile aliuza mbuzi watatu kwa bei ambayo mnunuzi aliifurahia. Asubuhi nilimsindikiza mpaka stendi ya Kibondo. Alikuwa na begi moja na dumu la asali la lita tano. Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nimesimuliwa naye, na pale anaporuka jambo, Prudence humrudisha.

Alifika hospitali mchana. Kwenye mlango wa wodi ya watoto wachanga alipokewa na muuguzi mfupi, mwenyeji wa Ujiji, jina lake Swaumu. Pasikali alimsogezea dumu kabla hata ya salamu kuisha.

"Nesi, hii ni ya kwako. Wanangu uwaangalie."

"Irudishe kwenye begi, baba. Wanao nawaangalia tangu jana na sijaonja asali. Na usije ukawalambisha hata tone, watoto hawa hawapewi kitu zaidi ya maziwa ya mama."

Pasikali akalirudisha dumu. Akaingiza mkono mfukoni, pale zilipokuwa hela za mbuzi. "Basi niambie gharama. Niambie zote, nijue kama natakiwa kurudi nyumbani kuuza shamba."

"Mama aliyejifungua hatozwi, na mtoto mchanga hatozwi. Chakula cha mama utakileta wewe, na nguo za watoto. Mimi ninalokudai ni lingine."

"Lipi?"

"Vua shati."

Pasikali alidhani amesikia vibaya. Swaumu akamweleza bila haraka. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta mwilini, anapoteza joto kama chungu kisicho na mfuniko. Dawa yake kubwa ni ngozi ya mtu. Anafungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mpaka anenepe. Yule mkubwa alikuwa na gramu elfu moja na mia nne na alishakuwa tayari kufungwa. Mdogo alikuwa na elfu moja na mia moja na hamsini, bado yuko kwenye oksijeni. Mama yao alikuwa hajalala tangu ajifungue, kwa sababu kila saa mbili anakamua maziwa ya wote wawili.

"Nesi, mimi ni mwanaume," Pasikali alisema. "Humo ndani ni wanawake watupu, na wengine wako wazi."

"Wamefungwa kanga na vitenge. Na wewe utafungwa."

"Mtu wa kwetu akinikuta nimebeba mtoto kifuani kama mwanamke, nitasema nini?"

Prudence alikuwa amesimama nyuma ya muuguzi, anajishikilia ukutani. Hakupandisha sauti. "Baba Elie," alisema, "watoto ni wawili na mimi nina kifua kimoja."

Pasikali akavua shati. Swaumu alimsogelea, akavuta pumzi, akamrudisha nje akaoge kwa sabuni mara mbili, kwa kuwa alikuwa ananuka moshi kama jiko. Aliporudi, wakamkalisha kwenye kitanda cha pembeni, wakamwekea yule mkubwa kifuani akiwa na kofia na nepi tu, wakamfunga kwa kitenge cha Prudence. Kwetu mapacha wana majina yao kabla hata hawajazaliwa: wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi. Huyu alikuwa Bukuru.

"Uzito wake," aliniambia baadaye, "ni wa sega moja ambalo nyuki hawajamaliza kulijaza. Niliogopa kupumua."

Kitanda cha jirani alikuwepo Louise, mama Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, na binti yake kifuani. Alimwona jinsi alivyokakamaa, akamwambia kwa Kiswahili chao, "Papa, usiogope. Mutoto anapenda moto ya baba yake. Kaa tu, pumuzika. Ye ndo atakufundisha."

Siku ya kwanza wale wanawake walimcheka chini chini. Siku ya pili walimgawia uji. Siku ya tatu walikuwa wameshasahau kwamba ni mwanaume, wakawa wanasimulia mambo yao mbele yake, naye akawa anatazama dari. Prudence alilala siku hiyo saa sita mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Butoyi alikaa kwenye oksijeni siku tisa. Siku ya kumi akaletwa, naye akafungwa. Ikawa zamu: huyu na mama, yule na baba, halafu wanabadilishana. Kila asubuhi watoto walipimwa, na Pasikali, ambaye kwa maisha yake yote amepima asali, akawa wa kwanza kufika kwenye mizani. Walipopungua, alishindwa kula. Walipoongezeka gramu kumi na tano, aliwatangazia wodi nzima.

Mtu wa kubishana haachi. Siku moja Swaumu akiwa anamlisha Butoyi kwa mpira mwembamba uliopita puani, Pasikali akamuuliza, "Hivi, nesi, hii yote nani analipa? Maana hakuna kitu cha bure duniani."

"Si bure," Swaumu akasema. "Oksijeni inanunuliwa, umeme unalipiwa, na mimi nisipolipwa mshahara hunioni hapa. Wewe unanunua sukari?"

"Nanunua."

"Muda wa maongezi kwenye simu?"

"Nanunua."

"Basi umelipa kidogo, kwa kodi iliyomo humo. Na watu wengi usiowajua wamelipa kidogo kidogo."

"Na kama hela hizo hazitoshi?"

"Hazitoshi, baba. Ndiyo maana mnaombwa na ile ya bima. Wanao hawa wana msamaha kwa sababu ni wachanga. Lakini mzee mwenye presha, kijana aliyevunjika mguu, hao nani awachangie?"

Pasikali alimweleza habari ya dawa za mama yake. Swaumu alimsikiliza mpaka mwisho, hakubisha. "Hapo una haki ya kukasirika," alisema. "Nami ningekasirika. Ila ukikasirika ukakaa nyumbani, dawa zitakuja zenyewe?"

Aliondoka na vifaa vyake. Pasikali anasema maneno yale yalimsumbua kuliko alivyotaka.

Wiki ya tatu, alasiri moja, mvua kubwa ilinyesha. Mabati yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba mtu na jirani yake hawasikilizani. Prudence alikuwa amelala na Bukuru. Butoyi alikuwa kwa baba yake. Pasikali alishazoea mwendo wa pumzi ya yule mtoto, ile ya haraka haraka inayokatika kidogo kisha inaendelea. Ikakatika, naye akangoja iendelee. Haikuendelea. Hakuweza kusikia kitu, lakini kifua chake kilijua. Alifungua kitenge akaona midomo ya mtoto imekuwa ya bluu.

Aliita, na sauti yake ikapotea kwenye mvua. Louise ndiye aliyemwona mdomo unavyokwenda. Alitoka mbio huku binti yake kifuani mpaka meza ya wauguzi. Swaumu alifika, akamchukua Butoyi, akamsugua mgongo, akampiga nyayo kwa kidole. Hakuna. Akamlaza kwenye meza, akamfunika uso kwa kibarakoa kidogo kuliko kiganja, akaanza kubana mfuko wa hewa, kifua kikawa kinainuka na kushuka kwa mkono wake. Pasikali alisimama pale kifua wazi, mikono imening'inia. Prudence aliamka, akamwona mumewe amesimama hivyo, akajua. Alimshika mkono.

Sijui ilichukua muda gani. Yeye anasema ni muda wa kupanda mti mrefu na kushuka. Kisha Butoyi akakunja uso, akatoa kilio chembamba ambacho hawakukisikia kwa sababu ya mvua, wakakiona tu mdomoni.

Swaumu alikaa kando ya mtoto na oksijeni yake mpaka mvua ikakatika na rangi yake ikarudi sawasawa. Pasikali alimuuliza, "Nesi, zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Iliisha saa tisa na nusu," alisema. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu. Akaandika kwenye faili, akachukua mkoba wake na mwavuli, akaenda zake nyumbani.

Pasikali aliniambia, "Jirani, mimi niliondoka nyumbani na hela za mbuzi watatu nikijua ndizo zitakazowaponya wanangu. Siku ile zilikuwa bado mfukoni, nusu yake nzima. Hazikuweza kumfanyia Butoyi kitu chochote. Alihitaji mtu anayejua, na ule mfuko wa hewa uwe umewekwa pale kabla yetu."

Nisiseme kwamba haikumgharimu. Nauli, chakula cha wiki tano, sabuni, nguo, vyote vilitoka mfukoni mwake, na msimu wa asali ulimpita. Mimi na binamu zake wawili tulikwenda kumrinia mizinga tuliyoweza kuifikia. Tulichomwa vibaya na asali tuliyoipata ilikuwa nusu ya kawaida yake. Aliporudi aliitazama, akatushukuru kwa adabu, akasema tumekata masega kama watu wanaofyeka pori.

Siku ya kuruhusiwa, Bukuru alikuwa na kilo mbili kasoro kidogo, Butoyi kilo moja na robo tatu, wote wananyonya wenyewe. Pasikali alilitoa tena lile dumu, akaliweka kwenye meza ya wauguzi. Safari hii Swaumu hakulirudisha. Alileta vikombe na mkate, akaita wenzake wote waliokuwa zamu, mpaka anayedeki na mlinzi wa getini, wakanywa chai kwa asali ya Kibondo. Chupa moja alipewa Louise, aende nayo Nyarugusu, yeye na binti yake ambaye naye alikuwa amebakiza siku chache.

Juni, Ridhiwani aliitisha mkutano tena. Nadhani alikuwa anaogopa, maana alimtazama Pasikali mara tatu kabla ya kufungua. Watu walikaa wakingoja mabishano. Pasikali alisimama, Butoyi amefungwa kifuani, juu yake koti. Kijana mmoja akacheka. Pasikali hakumjali.

"Kuhusu dawa za mama yangu sijabadilika," alianza. "Nililipa, na dawa haikuwepo. Hilo ni kosa, na nitalisema mpaka nizikwe. Lakini lile swali langu, kwamba nikilipa nisiumwe nani ananirudishia hela, leo nalijibu mwenyewe."

Akamgeukia mama yake aliyekuwa amekaa mbele na wanawake wenzake. "Mama, zamani mgonjwa alipobebwa kwenye ingobyi, ile machela ya miti, mpaka kwa wamisheni, waliombeba ni nani?"

"Kijiji," bibi Esteri akasema. "Kila nyumba ilitoa mtu. Wanne wanabeba, wanne wanafuata, wanapokezana."

"Na yule ambaye kwake hakuna aliyewahi kuugua?"

"Alibeba."

"Alidai arudishiwe mabega yake?"

Bibi Esteri alicheka peke yake kwanza, kisha watu wakamfuata.

Mzee mmoja kutoka nyuma akauliza, "Sasa wewe Pasikali, unatwambia tulipe, na dirishani pale tukikosa dawa?"

"Nasema tulipe na tuulize. Mimi nilikosea sehemu moja. Nilikasirika, nikakaa nyumbani. Nataka kila mwezi watu wawili wa kijiji waingie stoo ya zahanati pamoja na Immakulata, waone kilichopo, na orodha ibandikwe nje kwa maandishi makubwa. Dawa ikikosekana, mtendaji aandike barua wilayani siku hiyo hiyo, sio baada ya wiki. Nani atakataa hilo?"

Immakulata alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga. Alisema kwa miaka yote amekuwa akiagiza dawa peke yake na kutukanwa peke yake, angefurahi sana kupata wenzake.

Pasikali akachaguliwa kuwa mmoja wa wale wawili. Alipokwenda kujiandikisha, Ridhiwani akahesabu: yeye, Prudence, bibi Esteri, Elie na dada yake, watano. "Mapacha wako chini ya miaka mitano," Ridhiwani akasema, "wana msamaha wao." Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na nyuma yangu kulikuwa na watu wengi. Si kijiji kizima. Wapo ambao mpaka leo wanasema watauza mbuzi, na hawalaumiwi.

Dawa za presha zimekosekana mara mbili tangu siku ile. Mara zote mbili tuliliona hilo kwenye karatasi kabla ya kufika dirishani, barua ikaenda, na mara ya pili zilifika ndani ya siku kumi. Pasikali anasema siku kumi ni nyingi. Amelisema kwenye kila mkutano.

Desemba hiyo familia ilitoa shukrani kanisani. Prudence alisimama na Bukuru, Pasikali na Butoyi, bibi Esteri katikati yao. Kwa kawaida mtu humshukuru Mungu, mchungaji na waumini, akakaa. Pasikali alimshukuru Mungu, kisha akamtaja Swaumu, akamtaja Louise Mkongomani, akawataja waliomrinia asali vibaya. Halafu akasema anawashukuru pia watu asiowajua, walionunua sukari na soda na vocha mwaka ule, kwa sababu kwa namna ambayo yeye mwenyewe bado hajaielewa vizuri, walikuwa wamemnunulia mwanawe pumzi. Watu walitazamana. Prudence alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Mapacha sasa wanakimbia. Butoyi ndiye mwenye kelele zaidi, na kila akichoka kucheza hamtafuti mama. Humfuata baba yake popote alipo, akamvuta shati mpaka akae chini.